Kuunga kidhibiti mwendo cha mota kwenye CNC ndogo bila kuua bodi wala mtu

Anayejenga CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) ya karakana jijini Nairobi huanza na kinachopatikana: bodi ndogo ya udhibiti ya Arduino Uno yenye GRBL (programu ya kuendesha CNC) kutoka Luthuli Avenue, fremu iliyochomelewa Kamukunji au Kariobangi, na mara nyingi mota kubwa ya DC iliyotolewa kwenye mashine ya mazoezi ya kukimbilia iliyokufa. Ekseli tatu (mihimili ya X, Y na Z) zikishatembea, kinachobaki ni spindo, yaani mota inayozungusha kikatio. Kidhibiti cha mota kina terminali tatu za kinobu cha mwendo, na bodi ya CNC ina pini ya PWM (mapigo ya umeme yanayoamuru mwendo) na GND (upande wa sifuri wa bodi). Mtu huona ni kazi ya nyaya mbili tu. Nyaya hizo mbili ndizo huunguza bodi na kompyuta, na zinaweza kumuua aliyeshika fremu.

Swali la kwanza, kabla hata ya kujua waya upi uende wapi, ni hili: je, terminali za ishara za kidhibiti chako zimetengwa na stima ya ukutani? Jibu ni la kupima, si la kukisia kwa kuangalia maandishi ya bodi.

Kwa nini GND mbili haziungwi ovyo

Chukua kidhibiti cha DC kinachotumia SCR (diodi inayowashwa kwa amri), mfano KBIC-240, au bodi nyingi zinazotolewa kwenye mashine za kukimbilia. Ndani yake hakuna transfoma. Stima ya volti 240 huingia moja kwa moja kwenye daraja la diodi na SCR linalogeuza AC kuwa DC, na sakiti ndogo ya kinobu huning'inia juu ya daraja hilohilo. Volti 240 ni thamani faafu ya stima (RMS), si kilele chake. Kilele cha wimbi hufika karibu volti 340. Katika nusu moja ya wimbi, daraja huunganisha upande hasi wa kidhibiti na nyutro. Katika nusu ya pili huunganisha upande huohuo na laivu. Kwa hiyo terminali iliyoandikwa COM, P1 au hata GND inaruka kutoka karibu sifuri hadi volti 340 chini ya ardhi, mara 50 kila sekunde.

GND ya kompyuta ya mezani nayo imefungwa kwenye waya wa ardhi kupitia kasha la pawasaplai. Kwa kebo ya USB, GND ya Arduino ni ardhi hiyohiyo. Ukiiunga na COM ya kidhibiti, umeshikanisha laivu na ardhi kupitia njia nyembamba za shaba za bodi, kebo ya USB na ubao mama wa kompyuta. Kitu hulipuka. Hiyo ni bahati nzuri, maana kosa limejitangaza.

Hali mbaya zaidi ni pale kila kitu kinapofanya kazi. Laptop ikitumia betri yake, hakuna njia ya kwenda ardhini, basi hakuna mlipuko. Mota inazunguka na mwendo unabadilika vizuri kwa amri ya S (ya kasi ya spindo). Lakini ganda la chuma la USB, bodi, nyaya za swichi za mwisho (zinazosimamisha ekseli ikifika ukingoni), na pengine fremu nzima ya CNC isiyo na waya wa ardhi, vyote vimepanda hadi volti za laivu. Atakayeshika fremu akiwa amesimama juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu ndiye atakayekamilisha sakiti.

Kubadilisha laivu na nyutro hakusaidii. Daraja la diodi halij­ali upande, na soketi zilizopinduliwa nyaya si jambo geni kwenye majengo ya zamani.

Kupima

Chomoa plagi ukutani, usiridhike na swichi tu. Subiri kapasita zishuke, kisha weka mita kwenye omu, kiwango cha juu kabisa. Pima kati ya kila terminali ya ishara na pini za laivu na nyutro, halafu kati ya terminali hizo na zile za mota. Sehemu iliyotengwa husoma OL, yaani njia imekatika. Ukiona kilo-omu kadhaa, au ukigeuza mita kwenye alama ya diodi ukasoma karibu volti 0.6 kwa upande mmoja, sehemu hiyo imeungwa na stima na mjadala umeisha.

Ukipata OL kila mahali, hatua ya pili hufanywa kukiwa na stima lakini bila kompyuta wala bodi ya CNC. Funga klipu za mita kabla ya kuwasha: moja kwenye COM ya ishara, nyingine kwenye waya wa ardhi. Washa, soma AC kisha DC, zima, ndipo uguse. Mita za kidijitali huonyesha volti za mzuka, kama 60 au 110, zinazovuja kupitia kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme. Ili usidanganyike, funga rezista ya 47 kΩ yenye uwezo wa wati 2 au 3 sambamba na mita. Volti za mzuka zitaanguka. Zilizobaki ni za kweli.

Mita iwe ya daraja la usalama la CAT III (kwa stima ya jengo) yenye fyuzi ndani. Mita ya shilingi mia chache yenye nyaya nyembamba za plastiki inafaa kupima betri, si kazi hii. Na usitumie osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ya kawaida kwenye upande wa stima, kwa sababu klipu yake ya ardhi inagusa ardhi ya ukuta. Ukiifunga kwenye COM ya kidhibiti kisichotengwa utapata mlipuko uleule, safari hii kwenye chombo cha bei.

Aina za vidhibiti utakavyokutana navyo

Zile bodi za bei nafuu zenye kinobu, zinazouzwa kama vidhibiti vya wati 2,000 au 4,000 vya volti 220, ni dima za taa zenye heatsinki kubwa. Zinafaa kwa ruta na grainda zenye brashi za kaboni. Miguu ya potenshiomita yake (rezista inayozungushwa na kinobu) ni laivu kabisa. Usiiguse, wala usiitoe nje ya boksi kwa waya mrefu. Kijiti cha kuzungushia potenshiomita kiwe cha plastiki.

Vidhibiti vya SCR vya mota za DC navyo havijatengwa, isipokuwa mtengenezaji ameandika waziwazi kuwa vimetengwa. Na soma kibandiko: mashine za kukimbilia za soko la Marekani hutumia stima ya volti 120. Bodi ya volti 120 ikichomekwa ukutani kwetu hufa papo hapo. Mota yenyewe huwa ya volti 90, 130 au 180. Ya 90 haiwezi kulishwa na kidhibiti cha 240 kinachotoa hadi 180.

Spindo ndogo za DC za volti 48 zinazolishwa na pawasaplai ya kubadilisha volti kwa kawaida ni salama zaidi, kwa sababu pawasaplai hiyo hutenga upande wa volti ndogo na stima. Bado pima. Zipo pawasaplai za spindo za volti 110 DC zenye terminali za PWM ambazo zimetengwa na nyingine ambazo hazijatengwa, na kwa nje zinafanana.

VFD, inayogeuza fezi moja kuwa fezi tatu zenye Hz za kubadilishwa, kwa kawaida hutenga terminali zake za ishara. Kwa anayeanza leo na ana fedha, hilo ndilo chaguo bora, na si kwa sababu ya nguvu bali kwa sababu tatizo kubwa limeshatatuliwa kiwandani.

Kama tayari una kidhibiti kisichotengwa

Jiulize kwanza kama unahitaji kompyuta ibadilishe mwendo. Anayekata MDF, plaiwudi na akriliki kwa ajili ya vibao vya biashara hubadilisha mwendo mara chache kwa siku. Kinobu cha mkono ndani ya boksi la plastiki, na kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili) inayowasha na kuzima stima ya kidhibiti kwa amri za M3 (washa spindo) na M5 (zima), humaliza kazi hiyo bila waya wowote wa ishara kugusa sakiti ya laivu. Koili ya kontakta iendeshwe na relei yenye optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya kugusana). Wengi huidharau njia hii kwa kuiona ya kizamani, lakini ndiyo yenye makosa machache zaidi.

Ukihitaji mwendo wa kompyuta, nunua kitenganishi kilichotengenezwa kwa ajili ya kidhibiti hicho. Kwa familia ya KBIC kipo kinachoitwa KBSI-240D, ambacho hupokea ishara ya nje na kuipitisha ikiwa imetengwa. Kujijengea kitenganishi cha laivu kwenye bodi ya matundu, ambapo nafasi kati ya tundu na tundu ni milimita 2.54, si jambo la kushauriwa. Upande wa pili wa optokapla utakuwa na volti 340, pamoja na adapta yake ya stima, na tone moja la risasi ya kulehemu lililotapakaa linafuta utengano wote.

Kutoka PWM hadi volti 0–10

Hapa tunazungumzia kidhibiti ambacho kimeshatengwa, kama VFD, kinachosoma amri ya mwendo kama volti 0 hadi 10. Optokapla bado inafaa, ila sasa kazi yake ni kuzuia kelele na kulinda bodi, na kosa dogo haliui.

GRBL 1.1 kwenye Uno hutoa PWM ya spindo kwenye pini D11, karibu 1 kHz. Pini hiyo hulisha LED ya optokapla ya PC817 kupitia rezista ya 330 Ω. Ukitoa volti 1.2 za LED kwenye volti 5, mkondo ni kama milliampea 11, ambao pini inaumudu. Upande wa pili, ulio na transista yenye miguu ya kolekta na emita, kolekta iende kwenye terminali ya 10V ya VFD, emita ishuke hadi ACM (sifuri ya ishara ya VFD) kupitia 2.2 kΩ, na ishara itoke kwenye emita. Kisha kichujio: 22 kΩ na kapasita ya 4.7 µF. Mwishoni chipu ya LM358 kama mfuasi wa volti, ili mzigo wa terminali ya VI (ingizo la mwendo la VFD) usivute kichujio chini. LM358 inahitaji saplai iliyo juu ya ishara yake kwa kama volti 1.5 au zaidi, kwa hiyo ipe volti 12 au 15 kutoka adapta ya peke yake, na hasi ya adapta hiyo iende ACM tu, isiguse GND ya Arduino popote. Kati ya D11 na GND weka 10 kΩ, ili pini isielee wakati Uno inajiwasha upya.

Kwa nini emita na si kolekta, ambayo ndiyo michoro mingi huonyesha? Ukitoa ishara kwenye kolekta, ishara hugeuka: LED ikizimika, volti zinapanda hadi 10. Unaweza kuirekebisha ndani ya programu ikaonekana sawa, lakini siku kebo ya USB itakapochomoka au Uno ikifa, LED inazimika na spindo inapewa amri ya mwendo wa juu kabisa. Kila kosa linalowezekana, waya kukatika, bodi kufa, plagi kulegea, lazima liangukie sifuri.

Moduli ndogo za kugeuza PWM kuwa 0–10V zinauzwa tayari na zinafanya kazi. Nyingi hazitengi chochote. Weka mita kwenye mlio, gusa GND ya kuingilia na GND ya kutokea. Ikilia, hiyo ni kigeuzi tu. Tatizo kama hilo lipo kwenye bodi za ekseli tano za Mach3 (programu nyingine ya CNC). Zina upande wa 5V ya USB na upande wa 12–24V, vilivyotengwa kwa optokapla, halafu mtu anavilisha vyote kwa pawasaplai moja au anafunga GND zote kwenye skrubu moja ili zipendeze. Utengano umekufa kwa waya wa sentimita tano.

Kwenye GRBL weka $32=0 ili kuzima hali ya leza, maana hali hiyo hubadilisha jinsi spindo inavyoamriwa, na $30=24000 kama spindo yako ni ya mizunguko hiyo kwa dakika. Tuma M3 S24000 huku VI ikiwa haijaungwa bado, upime kwenye matokeo volti karibu 10. S12000 itoe karibu 5. Ikiwa S12000 inatoa 6 au 4, kichujio au moduli haifuati uwiano, na programu zako za kukata zitakuwa na mwendo wa uongo katikati.

VFD na spindo ya 2.2 kW

Mfano unaoonekana sana ni Huanyang ya 2.2 kW na spindo ya Hz 400. Kosa linaloua spindo nyingi mpya ni kuwasha bila kubadilisha mipangilio ya kiwandani. VFD hutoka ikidhani mota ni ya Hz 50, hivyo hutoa volti zote 220 tayari kwenye Hz 50. Spindo ya Hz 400 ikipewa volti hizo kwa Hz 50 huvuta mkondo mkubwa na kuungua ndani ya muda mfupi. Kwa mfululizo unaotumia herufi PD kwenye namba za mipangilio, anza na PD005 = 400, ndipo PD004 = 400 ikubali; PD008 na PD141 ziwe 220, PD142 iwe ampea za kibandiko cha spindo, PD143 = 2, PD144 = 3000. PD072 = 400 ndiyo inayolinganisha volti 10 na Hz 400, na PD070 = 0 huchagua 0–10V. Baada ya mota kuzunguka vizuri kwa vitufe vya paneli, ndipo PD001 = 1 na PD002 = 1 zihamishie amri kwenye terminali, na jampa ya ndani ihamishwe kutoka VR (kinobu cha paneli) kwenda VI. Mifululizo mingine ina namba zake. Usinakili hizi kwenye VFD usiyoijua.

PD011, yaani Hz za chini kabisa, iwe kama 120 kwa spindo inayopozwa na feni yake yenyewe. Chini ya hapo feni huzunguka polepole mno na spindo hupika. Muda wa kusimama, PD015, usiwe chini ya sekunde 5 bila rezista ya breki. Spindo inayopunguzwa haraka hugeuka jenereta na VFD hujizima kwa volti kupita kiasi.

VFD ya 2.2 kW yenye mzigo kamili inaweza kuvuta zaidi ya ampea 13, kwa hiyo plagi ya kawaida ya pini tatu si mahali pake. Ipe sakiti yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi: waya wa 2.5 mm², breka ya ampea 20, na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) aifunge. Kifaa cha kukata stima inapovuja cha 30 mA kiwepo, ila kisiwe cha aina ya AC, ambacho kinaweza kupofushwa na mkondo wa DC. Na kifaa hicho hakikusaidii ukishika nyaya mbili za mota kwa wakati mmoja, kwa kuwa hakuna kinachovuja kwenda ardhini.

Pini ya nne ya soketi ya spindo nyingi za bei nafuu haijaungwa na kitu ndani. Pima kutoka pini hiyo hadi mwili wa spindo. Isiposoma chini ya omu 1, fungua kifuniko uifunge, au uweke waya wa ardhi kwenye klempu ya spindo. Fremu nayo ipate waya wake wa ardhi, sehemu iliyopakwa rangi ikwanguliwe hadi chuma. Baada ya kuzima, subiri hadi taa ya VFD izimike, kama dakika kumi, kisha pima volti za DC ya ndani kabla ya kuingiza kidole. Kapasita zake hubaki na zaidi ya volti 300.

Kusimamisha

Kitufe chekundu cha dharura kikate stima ya kidhibiti kwa kontakta, upande wa AC. Kukiunga kwenye pini ya Arduino ni kumwomba aliyezimia ajiamshe. Mguso wake uwe ule unaofungwa kawaida, kwenye mfululizo wa koili, ili waya ukikatika kontakta iachie. Tumia kitufe cha kuwasha chenye mguso saidizi unaoishikilia koili. Faida yake utaiona stima ikipotea na kurudi: kontakta haitajifunga yenyewe. Mtu aliyeunga FOR (terminali ya VFD ya kuanza mbele) na DCM (sifuri yake) kwa waya wa kudumu ili VFD iwe inaanza tu, stima ikirudi usiku spindo inaweza kuanza yenyewe huku amelaza mkono mezani akibadilisha bladi. FOR ipitie relei inayoamriwa na bodi.

Usiweke swichi wala kontakta kati ya kidhibiti na mota. DC huchora tao refu la cheche linaloyeyusha miguso, na kuunga tena mota inayozunguka kwenye kidhibiti cha SCR huvunja SCR. Kwenye VFD, kukata mota ikiwa na mzigo huua transista za kutolea.

Kelele

GRBL ikitoa ALARM:1 (onyo kuwa swichi ya mwisho imeguswa) kila spindo inapoanza, swichi za mwisho hazijaguswa; ni kelele ya VFD iliyoingia kwenye nyaya zake. Kebo ya mota iwe ya nyaya nne yenye nguo ya chuma, na nguo hiyo ifungwe kwenye ardhi ya VFD. Kebo ya ishara iwe na nguo iliyofungwa upande mmoja tu. Ziachane sentimita 20 au 30, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba badala ya kulala sambamba ndani ya mnyororo mmoja wa kebo. Kapasita ya 100 nF kwenye kila ingizo la swichi, karibu na bodi, humaliza sehemu kubwa ya shida. Optokapla humaliza iliyobaki. USB ikikatika katikati ya kazi, fupisha kebo hadi mita moja na nusu na uivishe feraiti (pete ya kuzuia kelele) kabla ya kulaumu programu.

Kwa majaribio ya kwanza ya kidhibiti cha DC, weka balbu ya waya ya wati 100 mfululizo kwenye laivu. Kukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote badala ya bodi kuungua. Bila bladi, bila koleti (kishikio cha bladi), mota ikiwa imefungwa mezani kwa klempu, washa, panda polepole hadi robo ya mwendo, kisha chomoa USB ukiwa umesimama kando. Mota isiposimama, rudi kwenye kitenganishi au optokapla.